Viti mwendo vinavyotengenezwa kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa watu wanaotujia karakanani: mafundi wa vyuma wanaotaka kuanza, wazazi, viongozi wa vikundi vya watu wenye ulemavu, na wafadhili wanaoshangaa kwa nini kiti kimoja kichukue siku nyingi. Tunatumia jina "kiti mwendo" lililozoeleka Tanzania. Kenya wengi husema kiti cha magurudumu.

Mnaposema kiti cha bei nafuu, mna maana gani?

Hatuangalii bei ya siku ya kununua peke yake, tunahesabu miaka. Kiti kilichonunuliwa kwa bei ya chini, kikakatika uma wa gurudumu la mbele mwezi wa nne, na spea yake haipo Arusha wala Dar es Salaam, hicho kimeshakuwa chuma chakavu, na mwenye nacho karudi sakafuni. Kiti kingine kiligharimu mara mbili, lakini tyubu yake inazibwa na fundi baiskeli wa chini ya mwembe, beringi yake inauzwa duka la spea za pikipiki, na bomba likipasuka linachomelewa palepale kijijini. Sisi hicho cha pili ndicho tunachokiita cha bei nafuu.

Ndiyo maana kila kipande tunachokichora tunakiuliza swali moja: kikiharibika, mtu huyu atakipata wapi, na kwa nauli kiasi gani? Kipande kisicho na jibu tunakiacha, hata kiwe kizuri namna gani.

Kiti kile cha hospitali, cha kukunja, chenye kalio la ngozi nyeusi, kina ubaya gani?

Kwa kazi yake hakina ubaya. Muundo ule wa fremu ya mkasi inayojikunja ulitoka Los Angeles miaka ya 1930, kazi ya Herbert Everest na Harry Jennings. Everest alikuwa ameumia uti wa mgongo, na alitaka kiti kinachoingia kwenye gari. Leo kiti cha namna hiyo kinafaa kumtoa mgonjwa wodini kumpeleka chumba cha eksirei, juu ya sakafu laini, huku muuguzi akikisukuma.

Tatizo linaanza mtu anapokwenda nacho nyumbani. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na membamba, kwa hiyo yanazama kwenye mchanga na kukwama kwenye kila jiwe. Kiti kikikwama ghafla, mtu anaanguka kifudifudi. Kalio lake ni kitambaa kinachoning'inia kama machela, basi baada ya miezi michache mapaja yanaingia ndani, magoti yanagongana na mgongo unapinda. Kina kipimo kimoja kwa watu wote, na mtu mwembamba akikalia kiti kipana analalia upande mmoja hadi uti wa mgongo unajikunja.

Nani walianza kutengeneza viti kwa namna hii?

Mafundi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kwa wanaojulikana, wa kutajwa kwanza ni Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1980 alifika Nicaragua akakuta vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Kiti kile walikuwa wameshakirekebisha wenyewe kwa mikono yao, na Hotchkiss, aliyekwenda kama mtaalamu, akakaa kujifunza kwao. Kazi iliyozaliwa hapo ndiyo Whirlwind, shirika la kubuni viti mwendo. Aliamua kutochukua hataza ya miundo yake, ili karakana yoyote popote iinakili bila kuomba ruhusa. Ukubwa wa uamuzi huo anauelewa vizuri fundi aliyewahi kutafuta mchoro wa kiti akashindwa kuulipia.

Uingereza kulitokea shirika la viti mwendo la Motivation. David Constantine, ambaye mwenyewe alivunjika shingo akiogelea, alikuwa akisomea usanifu London. Yeye na wenzake walibuni kiti kwa ajili ya shindano la wanafunzi, wakashinda, na mwaka 1991 wakaenda Bangladesh kukigeuza kuwa kiti kinachoweza kutengenezwa huko.

Kwetu Afrika Mashariki, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, kilianzishwa mwaka 1958, na kina karakana za viti Nairobi na Mombasa. Kampala kuna MADE, karakana ya wanawake wenye ulemavu wanaokata bomba, wanachomelea na kuuza viti wao wenyewe. Tunawataja hawa kwa sababu mara kwa mara tunaulizwa kama mwanamke, tena mwenye ulemavu, anaweza kazi ya chuma. Jibu wameshalitoa.

Si ingekuwa rahisi kuagiza viti kontena zima kutoka nje?

Wakati mwingine ndiyo. Lazima tuseme ukweli hapa, kwa maana kuna watu wanaoutetea utengenezaji wa nyumbani kama vile hauna mapungufu.

Kiwanda kikubwa cha Asia hununua bomba kwa tani, na mashine zake hukunja kila kipande sawasawa na kilichotangulia. Sisi tunanunua bomba dukani, moja moja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru vifaa vya watu wenye ulemavu, kwa hiyo kiti kizima kinaingia bila ushuru, ilhali bomba, rangi na beringi tunazonunua kwa rejareja zimeshabeba kodi ndani ya bei. Kabla fundi hajawasha mashine, tayari ameshatanguliwa. Motivation wenyewe, walioanza na karakana za wenyeji, baadaye waliongeza viti vinavyotengenezwa kiwandani kwa wingi na kusafirishwa vikiwa vipande, vikaunganishwe na kurekebishwa huku vinakotumika.

Karakana ya nyumbani inapata nguvu kwenye mambo ambayo kontena haliwezi. Inampima mtu kwanza, halafu ndipo inakata bomba. Inajua njia ya kwenda kisimani kwake. Na kiti kikivunjika, aliyekitengeneza yupo, ana jina, na anaweza kuulizwa. Kwa maoni yetu mpango mzuri unachanganya vyote viwili: viti vya kiwandani kwa wale ambao vipimo vinawafaa, na karakana kwa wenye mahitaji ya pekee, kwa barabara mbaya na kwa matengenezo. Kontena linalofika bila fundi wala spea halimsaidii mtu kwa muda mrefu.

Mtu anapimwaje?

Akae juu ya kiti kigumu, wima kadiri anavyoweza, miguu ikiwa imekanyaga. Vipimo vya lazima ni vinne.

Upana wa nyonga, kutoka upande hadi upande, ndio upana wa kiti. Usiongeze "ili apate nafasi". Kila sentimita ya ziada inasogeza magurudumu mbali na mikono, mabega yanaumia, na mlango wa choo unakuwa haupitiki. Kina cha kiti ni urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6. Usipotoa, ukingo wa kiti unamchimba nyuma ya magoti naye anateleza mbele. Urefu wa mguu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa na viatu anavyovaa siku zote, unakuambia ubao wa kukanyagia uwe wapi. Kumbuka kuhesabu unene wa mto hapo, mafundi wengi husahau. Kipimo cha nne ni mgongo. Anayejisukuma mwenyewe na kukaa vizuri egemeo lake liishie chini ya kombe la bega, mikono icheze. Asiyeweza kujishikilia apandishiwe zaidi.

Baada ya hapo angalia mikono. Akiwa amekaa na mikono inaning'inia, ncha za vidole zifike kwenye ekseli ya gurudumu kubwa. Akishika juu ya gurudumu, kiwiko kikunjike kama pembe ya mraba. Kiwiko kikinyooka, amekaa juu mno, na kikikunjika sana, amekaa chini mno.

Halafu pima mlango wa nyumba yake. Wapo watu waliopewa viti vizuri kabisa ambavyo vinalala nje, kwa kuwa mlango ni mwembamba kuliko kiti. Hatukati bomba hata moja kabla ya kujua upana wa mlango wa chumba anacholala na wa choo anachotumia.

Nitumie bomba gani, na nichomelee kwa kutumia nini?

Chuma laini cha kawaida, bomba la duara la inchi moja au pungufu kidogo, lenye ukuta wa milimita 1.5 hivi, lile la geji 16. Bomba jembamba zaidi la meza na viti vya shule linapinda. Bomba la maji lina nguvu, lakini uzito wake mtu ataubeba kila siku kwa mabega yake. Aluminiamu ni nyepesi sana, ila ikipasuka porini hakuna wa kuichomelea.

Kwa kuchomelea, mashine ya umeme ya vijiti inatosha ikiwa mkono wako umetulia. Tumia vijiti vyembamba vya milimita 2.5, punguza moto, chomelea vipande vifupi vifupi ukibadilisha upande, la sivyo utatoboa bomba au fremu itajivuta. Kuchomelea kwa gesi na shaba kunatoa kiungo kizuri kwenye bomba jembamba, ila gesi ni ghali.

Kinachotenganisha karakana na ubabaishaji ni jigi. Tengeneza meza ya chuma yenye vishikizo vinavyobana kila bomba mahali pake kabla ya kuchomelea. Bila jigi, gurudumu moja litakuwa juu ya jingine kwa milimita chache, kiti kitavuta upande mmoja daima, na mwenyewe atachoka mkono mmoja bila kujua sababu.

Na piga msasa kila kona. Mtu asiyehisi miguu hatajua kwamba ncha ya bomba inamkata.

Magurudumu ya baiskeli yanafaa?

Yanafaa, lakini si kwa ekseli yake. Hapa ndipo mafundi wazuri wa vyuma wanapoanguka mara ya kwanza, kwa hiyo tutaeleza kirefu.

Gurudumu la baiskeli limeshikwa pande mbili na uma, kwa hiyo ekseli yake nyembamba inabeba mzigo kutoka kulia na kushoto. Gurudumu la kiti mwendo limeshikwa upande mmoja tu, mfano wa tawi lililotoka kwenye shina. Uzito wote wa mtu unaikunja ekseli pale inapotokea kwenye fremu. Ekseli ya baiskeli itapinda ndani ya wiki chache, gurudumu litalala, na siku moja itakatika.

Kwa hiyo tunanunua ringi, spoki, tairi na tyubu za baiskeli, ila habu, yaani kitovu cha gurudumu, tunaichonga wenyewe kwa mashine ya kukereza: bomba nene lenye beringi mbili zilizofungwa, na ekseli ya milimita 12 au 15. Beringi tunayoipenda ni 6202, yenye tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35, kwa kuwa duka lolote la spea za pikipiki linayo. Beringi hizo mbili ziwe mbali moja na nyingine kadiri habu inavyoruhusu, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo gurudumu linavyocheza. Spoki nazo zivutwe kwa nguvu kuliko za baiskeli, maana gurudumu hili husukumwa na mzigo wa pembeni kila kiti kinapokata kona au kupita mteremko wa ubavu.

Ukubwa wa inchi 24 unawafaa watu wazima wengi. Inchi 26 zinapita vizuri njia mbaya, na tairi zake za baiskeli za milimani zipo kila mnada, lakini hakikisha hazimwinui mtu juu mno wala kumzuia kujihamisha kwenda kitandani kwa upande.

Mahali pa ekseli ni uamuzi mzito. Ukiisogeza mbele, uzito unahamia magurudumu makubwa, kiti kinakuwa chepesi kusukuma na kinageuka papo hapo, lakini kinapenda kuanguka nyuma. Ukiirudisha nyuma, kinatulia lakini kinakuwa kizito na magurudumu madogo yanalima mchanga. Tunatoboa matundu kadhaa. Anayeanza tunampa la nyuma, akishazoea tunamsogezea mbele. Aliyekatwa miguu yote miwili anabaki na la nyuma, kwa kuwa hana uzito mbele wa kumzuia asipinduke.

Vipi magurudumu madogo ya mbele?

Ndiyo yanayovunjika kwanza na ndiyo yanayowaangusha watu. Yasipungue inchi 6, na kwa vijijini tunapenda inchi 8. Upana una faida kuliko ukubwa unapofika kwenye mchanga na tope. Zimbabwe kulibuniwa gurudumu pana la mpira, laini pembeni, linaloelea juu ya mchanga na kumeza mtikisiko wa mawe. Whirlwind walilichukua wakalieneza, na hadi leo linaitwa gurudumu la Zimbabwe. Ni mpira wa kumimina kwenye kalibu, kwa hiyo mji wenye kiwanda kidogo cha mpira unaweza kulitengeneza.

Mhimili unaozungusha uma lazima usimame wima kabisa kiti kikiwa tambarare. Ukiinama, gurudumu litatafuta upande wake lenyewe na kiti kitapigana na mwenyewe.

Magurudumu matatu au manne?

Njia ikiwa ya mawe na mashimo, kiti kirefu chenye gurudumu moja la mbele kinasimama imara, kwa sababu vituo vitatu hugusa chini daima hata ardhi ikiwa imepinda. Gurudumu la mbele likiwa mbali na mwili, mtu haangukii uso kirahisi. Shida ni ndani ya nyumba: kirefu, hakigeuki kwenye chumba, na kinazuia kusogea karibu na meza. Mtu wa mjini anayefanya kazi ofisini mpe manne. Mfugaji wa Longido mpe matatu.

Lazima kijikunje?

Si lazima. Fremu isiyokunjika ni nyepesi, imara, ina viungo vichache vya kulegea, na fundi anaimaliza upesi. Muulize anasafiri vipi. Kama anapanda daladala kila siku, mpe magurudumu yanayochomoka na egemeo linalolala, mara nyingi inatosha.

Na zile baiskeli za kunyonga kwa mikono?

Ni nzuri sana kwa safari ndefu na kwa biashara. Huko Goma na Gisenyi, na kati ya Kinshasa na Brazzaville, watu wenye ulemavu wamejenga biashara nzima ya kuvusha mizigo mipakani kwa baiskeli za namna hii. Lakini haiingii ndani. Mwenye baiskeli peke yake akifika nyumbani anatambaa, kwa hiyo haichukui nafasi ya kiti.

Kuna jaribio la kuunganisha hivyo viwili ambalo lilipitia kwetu. Amos Winter wa chuo cha MIT cha Marekani alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza hali ya viti, na baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti cha vishikio viwili virefu unavyosukuma mbele na nyuma kama makasia, kwa mnyororo wa baiskeli. Werevu wake ni kwamba hakina gia za kubadilisha. Ukishika kishikio juu unapata nguvu ya kupanda, na ukishika chini unapata mwendo, yaani mikono yako ndiyo gia. Kilijaribiwa Afrika Mashariki, na watumiaji wakasema wazi kwamba ni kipana mno kwa ndani ya nyumba na ni kizito. Wabunifu walisikiliza. Kilichojaribiwa baadaye Guatemala kilikuwa kimepungua kilo 9 hivi na upana wake sawa na kiti cha kawaida. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tunakihesabu kisa hiki miongoni mwa mifano bora ya mbunifu aliyekubali kufundishwa na mlalaji.

Mto ni wa lazima? Kiti chenyewe kimeshagharimu.

Mto ni wa lazima. Tukilazimika kuchagua kati ya rangi nzuri na mto mzuri, kiti kitatoka bila rangi.

Aliyeumia uti wa mgongo hahisi makalio. Mimi na wewe tukikaa vibaya tunajigeuza bila kufikiri. Yeye hapati taarifa. Mfupa wa kukalia unabana nyama dhidi ya kiti, damu haipiti, na nyama inakufa kutoka ndani. Doa jekundu la leo ni kidonda kesho, na kidonda kikifika kwenye mfupa kinaleta maambukizi yanayoua. Tumezika watu waliopona ajali wakaondolewa na vidonda vya mgandamizo. Kila fundi wetu mpya tunampeleka kwanza kuzungumza na mtu aliyewahi kulala kifudifudi miezi kadhaa akisubiri kidonda kifunge.

Mto tunaoutengeneza una tabaka mbili. Chini ni sponji ngumu, ile ya magodoro mazito, tuliyoichonga shimo la kina kidogo pale mifupa ya makalio inapotua, ili uzito uhamie kwenye mapaja. Juu ni sponji laini zaidi. Kitambaa cha nje kinyumbuke, maana kikikazwa kama ngoma sponji haifanyi kazi, na kiwe cha kufua. Ngozi nyeusi ya plastiki kwenye jua la mchana inachoma ngozi ya mtu asiyehisi. Usiitumie.

Kuujaribu ni rahisi na hakuhitaji kifaa. Mweleze mtu unachotaka kufanya na uombe ruhusa. Ingiza mkono kati ya mto na mfupa wa kalio, kiganja juu, vidole vikiwa chini ya mfupa, kisha mwambie atulie. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kwa milimita 5, mto uko salama. Usipoweza kuvichezesha lakini mkono unatoka kirahisi, ni onyo. Vidole vikibanwa ukashindwa kuvitoa, mto huo utamjeruhi. Jaribio hili lipo kwenye mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, na tunalirudia kila anaporudi karakanani, kwa kuwa sponji huchoka.

Hata mto bora haumwondolei kazi yake. Ainame mbele kifua kikaribie mapaja, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, mara kwa mara mchana kutwa. Na jioni ajiangalie kwa kioo, au mtu wa nyumbani amwangalie.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo apewe kiti hichohicho kidogo?

Hapana. Anahitaji kushikiliwa: nyonga kwanza, kisha kiwiliwili, kisha kichwa. Ukianza na kichwa wakati nyonga zinateleza, unamsumbua bure. Mtoto aliyekaa wima anameza salama, anaona wenzake, na mikono yake inapata kazi. Mpimeni mkiwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa wasio na uwezo kabisa, Zimbabwe ilitupa zawadi nyingine: viti vya karatasi. Maboksi yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, yanakandamizwa na kukaushwa juani hadi yawe magumu kama mbao, kisha yanapakwa rangi au vanishi. Mama anaweza kujifunza. Kikauke kabisa kabla ya kupaka, na kisilale kwenye unyevu.

Tumepewa msaada wa viti vya plastiki vya bustanini vyenye magurudumu ya baiskeli. Tuvikatae?

Msivikatae haraka. Viti vya namna hiyo vimegawiwa kwa wingi duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa mtu aliyekuwa akitambaa, au mzee anayetolewa nje kuota jua, kimemwinua kutoka chini. Lakini msimpe mtu asiyehisi makalio bila mto sahihi, wala mtoto anayekua, wala mtu ambaye atakalia kutwa nzima kila siku. Mpimeni kila mmoja, andikeni jina, na mrudi baada ya mwezi.

Tutajuaje kiti chetu ni imara?

Viwango vya kimataifa vya ISO 7176 vinataka kiti kilichopakiwa mzigo wa mtu kiendeshwe juu ya mapipa mawili yanayozunguka yenye vikwazo kwa mizunguko 200,000, kisha kidondoshwe mara 6,666 kutoka sentimita 5. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, na mwongozo mpya mwaka 2023. Huna mashine hizo? Pakia gunia la mchanga la kilo 100, kishushe kwenye ngazi siku nzima, uangalie viungo. Kisha mpe mtu machachari kuliko wote unaowajua, akitumie mwezi mmoja, na usimwombe akitunze. Kila kilichovunjika kiandike kwenye daftari: kiungo gani, siku gani, akifanya nini. Daftari hilo ndilo litakalokuambia pa kuanzia kuchora upya.

Tairi la upepo au gumu?

La upepo, kama kuna fundi baiskeli karibu. Gumu haliingii miiba, lakini ni zito na linatikisa mwili na fremu. Tairi lenye upepo wa kutosha halibonyei zaidi ya milimita 5 ukilikandamiza kwa dole gumba.

Kiti kitunzwe vipi?

Kila wiki kifutwe vumbi, upepo uangaliwe, mto uanikwe kivulini. Kila mwezi nati zikazwe, spoki zigongwe moja moja kusikia iliyolegea, na mhimili wa magurudumu madogo utiwe mafuta. Kiungo kikionyesha ufa mwembamba wa kutu, njoo siku hiyohiyo.

Pa kujifunzia ni wapi?

Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya utoaji wa viti nayo yanapatikana bure mtandaoni. Fundi anayejua kuchomelea tu asianze peke yake. Atafute mtu wa fiziotherapia, na atafute mtumiaji wa kiti awe kwenye meza ya kuchora tangu siku ya kwanza, naye alipwe kama wengine.

Siku ya kupimwa nije na nini?

Njoo na viatu unavyovaa, upana wa mlango wa chumbani na wa choo uliopimwa kwa futi kamba, na kiti cha zamani kama unacho, hata kikiwa kimevunjika. Kiti kilichovunjika kinatuonyesha palipoelemewa. Kama anayekusaidia nyumbani anaweza kuja, aje. Usije na haraka. Kupima kunachukua asubuhi nzima, na ukishakaa kwenye kiti chako tutakuomba uondoke nacho wiki mbili, urudi utuambie panapouma.